Cheti cha BRELA anacho, barua ya wakili nayo anayo: kesi za alama za biashara na hataza tunavyozichanganya

Wiki mbili hizi kijiwe chetu cha kahawa huku Ngamiani, Tanga, hakiongelei mpira wala siasa, kinaongelea barua. Kuna dada mmoja jirani anapaki viungo vya chai nyumbani, iliki na mdalasini anachukua kwa watu wa Amani, tangawizi anapata sokoni Mgandini, anasaga anapaki anasambaza madukani mpaka Muheza, na biashara imekaa vizuri tu mwaka wa tatu huu. Sasa kaletewa barua ya wakili kutoka Dar. Inasema pakiti yake inafanana na ya mtu mwingine ambaye alama yake imesajiliwa, kwa hiyo ndani ya siku 14 aache kuuza, atoe pakiti zote madukani na alipe fidia. Dada kaja kijiweni barua mkono huu, cheti cha BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, mkono ule, anatetemeka. "Jamani kaka zangu, mi si nimesajili? Si hiki hapa?"

Hapo kila mtu akawa wakili. Mmoja anasema badilisha herufi moja tu yaishe, mwingine anasema ukibadili vitu vitatu inakuwa mali yako, mzee wetu mmoja akakata kauli kabisa kwamba "hawezi kukufanya kitu mwanangu, ungekuwa umekosea serikali isingekupa cheti". Na kijana mmoja eti "dada ungekuwa umepatenti jina lako mapema". Nikaona hapana, hii naandika, maana walikosea wote na walikosea kwa namna ambayo karibu kila mtu anakosea.

Nianze na cheti. Kile alichoshika dada ni cheti cha jina la biashara. Kusajili jina la biashara ni kama kujiandikisha kwa mjumbe, unasema mimi fulani niko hapa na nafanya biashara kwa jina hili, basi. Hakikupi umiliki wa kinachochapwa juu ya bidhaa. Alama ya biashara ni kitu kingine, ile ni chapa ya ng'ombe. Ng'ombe wako wakichanganyika na wa jirani kwenye malisho, watu wanaangalia chapa ndo wanajua huyu wa nani, na mtu mwingine akipiga chapa kama yako kwenye ng'ombe wake unaenda kumshtaki. Vyote viwili vinasajiliwa BRELA, ndo maana watu wanachanganya, lakini ni sheria mbili tofauti, fomu tofauti na cheti tofauti. Unaweza kuwa na kimoja ukakosa kingine, kama dada. Na leseni ya biashara nayo ni jambo la tatu, hata tusiiingize humu.

Sasa neno kupatenti. Watu wanalitumia kwa kila kitu, napatenti jina, napatenti wimbo, juzi nimesikia mtu anataka kupatenti mtindo wa kusuka nywele. Chukua pakiti ya dada uiweke mezani. Jina na picha vilivyo juu yake, vinavyomwambia mnunuzi hii ya nani, hiyo ni alama ya biashara. Picha yenyewe kama mchoro aliochora mtu, au wimbo wa kutangazia, hiyo ni hakimiliki, mambo ya COSOTA. Vipimo vya iliki na tangawizi ambavyo dada hamwambii mtu hata mdogo wake, hiyo ni siri ya biashara, dawa yake ni kufunga mdomo. Na kama kuna fundi kabuni mashine ya kufunga pakiti kwa njia ambayo haijawahi kuwepo popote, hapo sasa ndo tunasema hataza, au patenti ukipenda. Hataza ni ya uvumbuzi, kitu kinachofanya kazi. Jina halipatentiwi hata ulie.

Nilipowaambia hivyo kijiweni wakaniuliza swali zuri: kama jina lina mwenyewe, mbona Simba wako wengi? Na hapa Tanga tuna mfano mtamu kuliko popote. Saruji inayotoka Pongwe inaitwa Simba. Timu ya Msimbazi inaitwa Simba. Basi la kwenda Dar tumepanda sana la Simba Mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kwenda dukani kununua mfuko wa saruji akadhani ananunua jezi, wala hakuna aliyekaa kwenye siti ya basi akisubiri penalti. Alama hailindwi hewani, inalindwa pamoja na aina ya bidhaa au huduma. Dunia imezipanga bidhaa na huduma kwenye madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na ukiomba alama unasema naomba kwa daraja lipi. Kuna wachache wakubwa sana, wale ambao dunia nzima inawajua, hao ulinzi wao unavuka madaraja, wewe usifungue duka la viatu ukaliita Coca-Cola. Ila kwa wengi wetu, neno moja linaweza kukaa na wenyewe watatu wasigombane.

Hii ndo inajibu na ile kelele ya Hakuna Matata, mnaikumbuka. 2018 ikasambaa mtandaoni kwamba Disney wamechukua Kiswahili chetu, watu zaidi ya laki moja wakatia saini kulalamika, na mpaka leo kuna watu wanaamini ukisema hakuna matata unadaiwa. Disney waliomba 1994, wakasajiliwa Marekani 2003, kwa nguo. Maana yake pale Marekani usichape fulana za kuuza zenye maneno hayo kana kwamba ndo brandi yako. Kuongea ongea, kuimba imba, mgahawa wako wa Raskazone uandike hakuna matata ukutani, hakuna anayekugusa. Hasira naielewa, mi mwenyewe inanichoma mtu wa mbali kusajili maneno ya bibi yangu, lakini hasira ni kitu kimoja na sheria inasema nini ni kitu kingine. Na wakati mwingine kelele zinafaa, maana kuna kampuni ya Uingereza iliwahi kuomba kusajili neno Kikoy kule kwao, ikapingwa, ikaachana nalo. Kikoi! Vazi la pwani nzima.

Turudi kwa dada. Nilimwomba alete pakiti yake na ya yule anayelalamika, nikaziweka mezani. Majina hayafanani kabisa, hilo nakubali. Ila pakiti ya yule ni kijani kuanzia katikati kushuka, juu njano, kushoto kuna birika la shaba linatoa moshi, na maandishi meupe yamelala kimshazari. Ya dada ni kijani kuanzia katikati kushuka, juu njano, kushoto birika la shaba linatoa moshi, maandishi meupe kimshazari. Mpaka moshi umepinda upande uleule. Nikamuuliza dada hii dizaini alichora nani, akasema kijana mmoja wa steshenari, alimwambia tu nitengenezee lebo ya chai inayovutia, akamtengenezea kwa nusu saa. Nusu saa! Hapo nikasema moyoni, dada kaumia.

Kwa sababu mahakama haipimi kwa kuweka pakiti mbili ubavuni na kuhesabu tofauti, kama tulivyofanya sisi kijiweni. Inamfikiria mnunuzi wa kawaida, mwenye haraka zake na kumbukumbu yake ya kawaida, aliyeiona pakiti mwezi uliopita na leo anaiona nyingine. Na huku kwetu mnunuzi ni nani? Ni mama yuko jikoni, maji yameshachemka, anamtuma mtoto wa miaka saba dukani: "nenda kaniletee majani ya chai na ile ya birika". Hasemi jina. Mtoto anamwambia mwenye duka nipe ya birika, anapewa ya birika. Sasa ya nani? Ndo maana ile ya kubadili herufi moja au vitu vitatu ni uongo mtupu, hakuna sheria yenye hesabu hiyo, unaweza kubadili vitu kumi na birika likakuponza.

Na kesi za karibuni huko nje zimeongeza moto hapohapo kwenye mambo ya mfanano. Januari 2025 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Thatchers na Aldi. Thatchers wanatengeneza kinywaji cha matofaa chenye kilevi, wanaita saida, wakatoa cha limao. Aldi, wale wa maduka ya bei rahisi, wakatoa cha kwao cha limao, jina tofauti kabisa, Taurus, lakini kopo la njano, malimao na majani yake vikafanana mno, mpaka vile vistari hafifu vya kulala vilivyokuwa kwenye kopo la Thatchers vikaonekana kwenye la Aldi. Mahakama haikusema wateja walichanganyikiwa. Ilisema Aldi walipanda mgongo wa sifa ya mwenzao makusudi, wakauza sana bila kuhangaika kutangaza, na hiyo peke yake ikatosha kuwatia hatiani. Kwa hiyo ule utetezi wa "lakini jina ni tofauti, mteja anajua" kule haukuwaokoa.

Miezi mitano baadaye, Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaja na nyingine, ya Umbro. Unaijua ile alama yao, almasi ndani ya almasi. Kampuni inaitwa Dream Pairs iliuza viatu vyenye alama yake, ukiitazama dukani usoni haifanani sana, lakini mwenye Umbro akasema hebu mtazame mtu amevaa, unaangalia kutoka juu kwa pembe, hapo inafanana. Fikiria umekaa Mkwakwani jukwaani Coastal Union wanacheza, unamwona winga mguuni, utajua ni kiatu gani? Mahakama ikasema ndiyo, mkanganyiko unaweza kuhesabiwa hata baada ya bidhaa kununuliwa, barabarani na uwanjani huko, si lazima uwe kaunta. Hilo ni jipya na zito. Halafu ikampa ushindi Dream Pairs! Kwa sababu jaji wa mwanzo alishapima akaona mfanano ni mdogo mno, na hakuwa amekosea sheria, kwa hiyo wakubwa hawakuwa na sababu ya kuivuruga hukumu yake. Mwenye Umbro kashinda hoja, kapoteza kesi. Watu wa mahakamani watakwambia hiyo hutokea sana.

Hukumu za Uingereza hazimfungi jaji wetu, hilo niseme kabisa. Sheria yetu ya alama za biashara na huduma ni ya 1986 na ina maneno yake. Lakini majaji wetu hutazama hukumu za nchi zenye mfumo kama wetu wanapokuta swali jipya, kwa hiyo wakili wa yule wa Dar anaweza akaja na kopo la limao mkononi.

Ila kuna kesi ambayo ningekuwa wakili wa dada ningeisoma kwanza. Ile ya SkyKick, Novemba 2024, hukohuko Uingereza. Sky, wale wa televisheni, walikuwa wameisajili alama yao kwa orodha ndefu ya vitu, wee, mpaka mijeledi na dawa za kung'arishia nguo, vitu ambavyo hawakuwa na mpango wa kuviuza. Wakamshtaki SkyKick, kampuni ya kuhamisha barua pepe. Mahakama ya Juu ikasema kusajili vitu usivyokusudia kuviuza ili tu uwe na fimbo ya kuwapiga wengine, hiyo ni nia mbaya, na usajili wa namna hiyo unafutwa kwa sehemu hiyo. Sisi tunalijua hili bombani. Kuna mtu anaamka alfajiri anapanga ndoo kumi na moja kwenye foleni, anarudi kulala, watu wakifika anasema zangu. Ndoo mbili sawa, tunakuheshimu, hizo tisa toa. Na hapa kwetu pia alama isipotumika miaka mitatu mfululizo, mtu anaweza kuomba iondolewe kwenye daftari. Kwa hiyo swali la kwanza la dada kwa yule wa Dar lilitakiwa liwe: hiyo alama yako umeisajili kwa bidhaa gani hasa, na unaiuza? Tukatafuta. Imesajiliwa kwa chai na viungo. Na dukani ipo. Basi, hapo mlango ukafungwa.

Barua yenyewe nayo watu wanaiogopa kupita kiasi au wanaidharau kupita kiasi. Barua ya wakili si hukumu, wakili wa upande wa pili hana mamlaka ya kukufungia biashara wala kukutoza hata senti. Lakini usiitupe, maana ukiinyamazia kesho anaenda Mahakama Kuu anasema nilimwonya akaendelea, na hapo unaonekana ulijua. Ukijibu kwa adabu, ukasema natoa lebo hii, nipe muda nimalize pakiti zilizopo, wengi wanakubali, kesi ni gharama kwa wote.

Na kwa wale ambao hawajasajili wakadhani basi hawana haki kabisa, kuna kamba moja. Kama umejijengea jina miaka na miaka na mtu anauza vya kwake kwa mgongo wa jina lako, unaweza kumshtaki kwa hilo hata bila cheti cha alama, ila utakuwa na kazi ya kuthibitisha sifa yako, wateja wako na hasara yako. Mwenye cheti anaonyesha karatasi tu. Tofauti yake ni kama mtu mwenye hati ya kiwanja na mtu mwenye mashahidi kwamba babu yake alilima pale.

Nisiwasahau mafundi wa mtaa wa Gofu hapa mjini, maana upande wa hataza nao kuna mambo. Kuna kijana ameniambia anatengeneza kamashine kadogo ka kuchambua mkonge, si lile likorona, limashine likubwa la kuchambulia mkonge mashambani, kadogo ka mkulima wa ekari mbili, na kwa furaha kashakarusha TikTok kanavyofanya kazi. Nikashika kichwa. Hataza inataka uvumbuzi uwe mpya, haujawekwa hadharani popote kabla ya kuomba, na ukiurusha mtandaoni unaweza ukawa umeuweka hadharani mwenyewe. Omba kwanza, rusha baadaye. Ukipata, kipimo cha kawaida duniani ni miaka 20 tangu ulipoomba, baada ya hapo ni mali ya wote, na ndo maana dawa zikifikisha umri huo bei inashuka kwa sababu viwanda vingine vinaruhusiwa kuzitengeneza.

Na usidai zaidi ya ulichobuni. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimnyima Amgen kwenye kesi yake na Sanofi, dawa za kushusha kolesteroli. Amgen walieleza kingamwili 26 walizozitengeneza, halafu wakadai ziwe zao zote zinazofanya kazi ileile, ambazo zinaweza kufika mamilioni. Ni sawa na wewe umepika pilau 26 ukazieleza vizuri, halafu unasema kuanzia leo pilau yoyote tamu ni yangu, njia ya kuipata mtajaribu wenyewe jikoni. Majaji wote tisa wakakataa, ukitaka kumiliki kingi, fundisha kingi.

Kuhusu akili bandia, maana lazima mtu aulize: Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mashine haiwezi kuandikwa kama mvumbuzi, mvumbuzi ni mtu. Afrika Kusini wao mwaka 2021 waliipitisha hataza ileile yenye mashine kama mvumbuzi, ila ofisi yao inaangalia kama fomu zimejazwa vizuri, haichunguzi undani, kwa hiyo usiichukue kama wameamua jambo kubwa.

Kilichobaki ni mipaka, na hiki watu wa Tanga kinatuhusu kuliko wengine kwa sababu sisi tunafanya biashara na ng'ambo kila siku. Alama ni ya pale iliposajiliwa. Juni 2023 mahakama hiyohiyo ya Marekani, kesi ya Abitron na Hetronic, rimoti za kuendeshea winchi hizo, ilitengua hukumu ya zaidi ya dola milioni 90 kwa sababu mauzo karibu yote yalikuwa nje, na sheria yao ya alama haivuki mpaka. Sasa kwetu mpaka uko karibu kuliko mnavyodhani. Miliki bunifu si jambo la Muungano. BRELA ni Bara. Ukipakia mzigo kwenda Pemba, alama yako ya Bara inabaki gatini, kule wana wakala wao, BPRA, na sheria yao. Kuna na njia ya ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika lenye makao Harare, Itifaki ya Banjul ya 1993, fomu moja nchi kadhaa, na Tanzania imejiunga tangu 1999, lakini sheria yetu ya alama iliandikwa kabla ya itifaki kuzaliwa na imeleta ubishi mwingi, kwa hiyo mawakili wengi watakwambia sajili BRELA yenyewe ulale usingizi.

Dada ameamua hagombani. Amejibu barua, kakubali kuitoa ile lebo, yule wa Dar kakubali fidia iishe. Birika limeenda. Lebo mpya ina ngalawa, safari hii amechorewa na binti yake mwenyewe kwa mkono, na kabla ya kuchapa wametafuta kwenye mfumo wa BRELA kuona kama kuna ngalawa nyingine kwenye chai na viungo. Ameomba alama, sasa hivi anasubiri itangazwe, na ikitangazwa kuna siku 60 za mtu yeyote mwenye pingamizi kujitokeza. Akipita hapo anapata miaka 7 ya kwanza, halafu anahuisha kwa miaka 10 kila mara.

Jana kaja kijiweni na katoni ya pakiti za mwisho za birika, anatugawia bure tumalizie. Mzee wetu kachukua nne. Kisha dada akaniuliza, "Kaka, na ule mzigo wangu wa Wete?"

Nikamwambia kule ni fomu nyingine dada'angu. Alivyonitazama.